Dakika Tano za Bi Ngoja

Saa tatu kasorobo asubuhi. Kwenye kipaza sauti cha chumba cha CT, penye mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, inasikika sauti ya mama asiye na haraka na mtu.

"Mzee wangu, picha za kwanza tayari. Usijigeuze, usijinyanyue. Sasa tunangoja dakika tano."

Upande wa pili wa kioo, mzee amelala chali, nusu ya mwili ndani ya tundu la mashine, mikono imenyooshwa juu ya kichwa. Kinachoonekana vizuri ni miguu yake tu, ndani ya soksi za kijivu, ya kushoto ikiwa na kiraka. Kidole gumba kinakipungia kioo mara mbili. Maana yake amesikia.

Mama anavuta droo na kutoa saa ndogo ya jikoni yenye umbo la nyanya, ile ambayo mpishi huizungusha ili imkumbushe kuepua sufuria. Anaizungusha hadi kwenye tano, anaiweka mbele ya skrini ambazo bei yake hata yeye hajawahi kuambiwa. Nyanya inaanza kugonga.

"Mashine ina saa yake," anamwambia mwandishi wa simulizi hii, aliyeketi pembeni, kabla hajaulizwa. "Lakini ile haina kelele. Naweza kujifanya sijaiona. Hii haibembelezeki."

Beji yake ina majina matatu mazuri, ila wanaoyatumia ni watu wa ofisi ya utumishi peke yao. Kwa madaktari, wauguzi, wafagizi na mlinzi wa getini, yeye ni Bi Ngoja. Jina hilo alipewa kwa kejeli. Siku hizi linatamkwa kwa mapenzi, na mwenyewe huliitikia bila kinyongo.

Ni mtaalamu wa picha za mionzi, kazi ambayo ameifanya kwa miaka thelathini na mmoja. Amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Siku nyingine yuko hapa kwenye CT. Jumanne na Alhamisi huvaa aproni iliyojazwa madini ya risasi, kilo saba kamili, akasimama saa nne au tano kwenye chumba ambako mishipa ya damu hutibiwa kwa kufuata picha, bila kupasua tumbo. Mgongo wake unaijua kila kilo. Mumewe naye ameshajifunza: Jumanne jioni haombi hata kusogezewa rimoti.

Leo hana aproni. Leo ni siku ya kungoja tu, na anayemwangalia kwa makini ataona kwamba mkono wake wa kulia umeshika pindo la sweta na hauliachii.

Mzee aliye kwenye mashine ni kinyozi. Ana miaka sabini na mmoja, duka la kiti kimoja, na mke ambaye muda huu amekaa kwenye benchi la nje na mkoba mapajani. Miaka minne iliyopita, mshipa wake mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kushuka tumboni, ulikutwa umevimba. Mshipa huo kwa kawaida una upana wa sentimita mbili hivi. Wake ulikuwa umekaribia sita. Mshipa wa namna hiyo ukipasuka, wengi hawafiki hospitali.

Mapafu yake yalikuwa yamevuta sigara miaka thelathini, na moyo nao ulikuwa umechoka, kwa hiyo kisu hakikufaa. Madaktari wakapitisha kwenye mishipa ya mapaja mrija wa kitambaa wenye mbavu za waya, wakaufungulia ndani kwa ndani, mahali penye uvimbe.

Bi Ngoja ana namna yake ya kueleza jambo hilo, na huwapa wagonjwa wote maelezo yale yale, profesa na muuza mitumba.

"Soksi yako imechakaa, inataka kutoboka. Unavaa mpya ndani yake. Mguu sasa unakaa kwenye mpya, ile ya zamani imebaki ganda tu. Damu nayo ni hivyo hivyo." Halafu huinua kidole. "Ila mgongoni kuna vishipa vidogo, vilizoea kuchota damu kwenye mshipa mkuu. Ukivifungia mlango wa mbele, kimoja kinazunguka nyuma, kinarudisha damu kinyumenyume ndani ya ganda. Ganda linajaa, linavimba tena. Huo ndio mvujo."

Si kila mvujo ni balaa. Mingi huziba yenyewe, na daktari huiangalia tu kwa jicho la pembeni. Wa kuogopwa ni ule unaolikuza ganda. Na mvujo wa vishipa vya mgongoni una tabia ambayo imempa mama huyu jina lake.

"Una aibu," anasema. "Unamdunga mgonjwa dawa ya kuonyesha mishipa, baada ya nusu dakika unapiga picha, unaona pako safi. Kumbe damu ya mvujo bado iko njiani, inazunguka huko. Inafika wenyeji mmeshazima taa. Ukitaka kuiona, umngojeshe mgonjwa mezani."

Mwandishi anamuuliza amelijua hilo tangu lini. Bi Ngoja anaitazama nyanya yake kwanza. Zimebaki dakika nne.

"Nililijua tangu chuoni," anasema. "Nililijua vizuri kabisa. Hapo ndipo panaponiuma."

Miezi ishirini iliyopita, mashine ya CT ililala siku mbili bila kufanya kazi. Ilipoamka siku ya tatu, koridoni kulikuwa na watu thelathini na mmoja, wengine juu ya machela, na mkuu wa idara alikuwa akipita kila robo saa akiuliza, "Wangapi bado?" Kinyozi alikuwa wa kumi na tisa, amekuja kwa kipimo chake cha kila mwaka.

Karatasi ya daktari iliagiza picha za mwanzo, kisha picha za kuchelewa. Picha za mwanzo zilitoka safi. Bi Ngoja akaziangalia, akaangalia korido, akabonyeza kipaza sauti.

"Nikamwambia, 'Inuka mzee, umemaliza.' Akanishukuru. Watu huwa wanashukuru sana ukiwamaliza haraka."

Daktari aliyesoma picha hizo naye alikuwa na rundo lake. Ripoti ikaandikwa kwamba hakuna mvujo. Mzee akarudi dukani kwake kunyoa watu, moyo kwatu.

Miezi kumi na moja baadaye alirudi. Ganda lililokuwa na milimita hamsini na nane lilikuwa limefika sitini na saba. Safari hiyo picha za kuchelewa zilipigwa, na doa lilikuwepo, nyuma ya ganda, jembamba na lisilo na wasiwasi wowote. Daktari wa mishipa, kijana mrefu ambaye wauguzi wamembatiza Mlingoti, akataka kulinganisha na picha za mwaka uliotangulia. Aliyezifungua ni Bi Ngoja mwenyewe.

Kwenye kona ya kila picha huandikwa saa. Picha ya mwisho ilipigwa sekunde thelathini na mbili baada ya dawa kuingia. Baada ya hapo hapakuwa na kitu.

Angeweza kunyamaza. Mlingoti alikuwa anatazama ganda, hakuwa anatazama saa. "Nikasema, 'Daktari, hapa nilimharakisha.' Sauti ilinitoka kama ya mtoto aliyevunja kikombe cha wageni." Daktari akasema mgonjwa lazima aambiwe, na kwamba wataenda wote wawili.

Wakaenda. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema, "Basi ndiyo imeshatokea." Mkewe hakukuna kidevu. Alimtazama Bi Ngoja kuanzia viatu hadi nywele, halafu akamuuliza swali moja.

"Ulikuwa unawahi wapi?"

Swali hilo Bi Ngoja alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Asubuhi yake alipokuwa anatoka aliichomoa nyanya kwenye rafu ya jikoni, akaitia mkobani. Wiki hiyo mumewe, ambaye ndiye mpishi wa nyumba, aliunguza sufuria mbili.

Tangu siku ile kila mgonjwa mwenye mrija wa kitambaa hukaa mezani dakika zake tano, korido ijae, isijae. Mkuu wa idara alimwita ofisini akampigia hesabu: wagonjwa wanne ni dakika ishirini, na dakika ishirini ni wagonjwa wawili wengine. "Nikamwambia, bosi, hesabu yako haina kosa. Naomba tu uniandikie barua kwamba umeniagiza nisingoje." Barua haikuandikwa. Ndipo wenzake wakaanza kutaniana koridoni, kwamba ukienda kwa Bi Ngoja utoke nyumbani na mto wa kulalia.

Lakini kuujua mvujo ni jambo moja, na kuuziba ni jingine.

Kuuziba, daktari hupenyeza mrija mwembamba kuliko kamba ya kiatu kwenye mshipa wa paja, akauongoza kona kwa kona huku akiutazama kwenye skrini ya mionzi, mpaka kwenye kishipa chenye kosa. Humo huweka visokota vya waya laini na matone ya gundi. Sharti ni moja: akijue kishipa chenyewe. Picha ya dakika tano ilionyesha doa. Haikuonyesha limeingilia mlango gani.

Ili kuuona mlango, dawa hupulizwa ndani ya mishipa na picha hupigwa mfululizo, mgonjwa akiwa ameshika pumzi, kwa sababu tumbo likipanda na kushuka picha yote inachafuka. Kwa kuwa hapa dawa hutolewa karibu, mvujo wenye aibu huonekana kwa sekunde thelathini na kitu badala ya dakika. Siku ya jaribio la kwanza, kinyozi alifika kumi na nne, akakohoa. Akapumzishwa, akarudia. Kumi na tatu.

Kumlaza usingizi kusingewezekana. Daktari wa usingizi aliyasikiliza mapafu yale akatikisa kichwa. Kuendelea kumpulizia dawa nako figo zilikuwa hazitaki. Mlingoti akavua glavu, akamwambia mzee ukweli wake: baada ya wiki sita watajaribu mara moja tena. Wakishindwa, njia nyingine zote zina hatari kubwa kwake kuliko mvujo wenyewe. Watabaki kulitazama ganda likikua, na kuomba lisipasuke.

Bi Ngoja aliyasikia hayo akiwa amesimama kando na kilo zake saba. Jioni ile akapiga simu nyumbani kwa kinyozi. Akapokea mke.

"Nani?"

"Ni mimi mama. Yule wa picha."

"Unataka nini tena?"

"Nataka kumfundisha mzee kushika pumzi."

"Ngoja nimwite."

Ikawa desturi. Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni simu inalia, mzee anakaa kwenye kiti cha jikoni, mkewe anahesabu kwa sauti, Bi Ngoja anasikiliza na kuandika kwenye kalenda. Siku ya kwanza kumi na sita. Siku ya nne ishirini na saba. Wiki ilipokatika, arobaini na tano!

"Nilifurahi nikataka kumpigia daktari usiku ule ule," anasema, na hapa anacheka mpaka anavua miwani. "Bahati nzuri siku ya nane nilikuwa nimeketi mbele ya saa ya ukutani. Mama akahesabu mpaka arobaini na tano. Saa yangu ikasema ishirini na moja. Yaani alikuwa anahesabu kama anayefukuzwa na mbwa."

Alipomuuliza kwa upole, mke wa kinyozi akaangua kilio. "Akifika ishirini uso unamvimba," alisema. "Naona kama ananifia mbele ya macho. Nikihesabu polepole najiona kama ninayemuua ni mimi."

Bi Ngoja naye akalia. Wanawake wawili, kila mmoja na simu yake, na katikati yao mzee anayeuliza kama aendelee kushika au apumue. Wanasema urafiki wao unaanzia hapo, ingawa kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyetangulia kulia.

Hesabu ya kweli sasa ikawa ya kukatisha tamaa. Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na nne, ikagota. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyeligundua tatizo. "Dada," alimwambia, "mtu akihesabiwa anachoka kabla ya wakati."

Zilipobaki wiki tatu, Bi Ngoja alipita dukani kwao Jumamosi moja, kuwasalimia tu. Ni chumba chembamba chenye kioo kimoja, kiti kimoja cha kuzunguka, na benchi la wanaosubiri. Mke wa kinyozi alikuwa anafagia nywele. Kwenye kiti alikuwepo mteja, shuka shingoni. Kinyozi akabadilisha wembe, akainama, akaanza kumzungushia sikio.

Mtu mwingine angetazama wembe. Bi Ngoja, kwa mazoea ya miaka thelathini na mmoja, alikuwa anatazama kifua.

"Kilikuwa kimesimama. Kimya, kama cha mtu aliyechorwa. Nikaangalia saa ya mkononi haraka. Wembe ukapita juu ya sikio, ukashuka nyuma, ukaja chini kwenye shingo. Alipounyanyua ndipo akashusha pumzi. Sekunde ishirini na tisa! Akaenda sikio la pili: thelathini na tatu. Na wala uso haujamvimba."

Alimngoja amalize, kisha akamuuliza kama anajua alikuwa hapumui.

Kinyozi akamshangaa. "Sasa nani anapumua wembe uko sikioni mwa mtu?"

Miaka arobaini na tano ya kazi, kila siku masikio ishirini, thelathini, mzee alikuwa ameshika pumzi bila kuambiwa na mtu. Kifua kilichoshindwa kuhesabiwa kilikuwa kinajua kazi yake siku zote. Alichokosa ni wembe.

Kuanzia Jumatatu hesabu ikafutwa. Kila jioni Bi Ngoja alimnyoa mteja kwa maneno kwenye simu, mzee akiwa amefumba macho na kidole kikitembea hewani. Ilibidi ajifunze kazi ya watu: wapi ngozi ina mkunjo, wapi mteja hucheka kwa kutekenyeka, lini mtu hugeuza wembe. Akikosea hurekebishwa palepale: "Hapana dada, hapo umemkata." Mke alikaa kando na saa, amekatazwa kufungua mdomo. Wiki ya mwisho walipata sekunde thelathini na tisa, zisizo na dosari, kwa ushahidi wa saa ile.

Ikafika Alhamisi ya jaribio la pili. Mlingoti alifikisha mrija mahali pake, muuguzi akampa mzee hewa ya oksijeni, mashine ikasogezwa juu ya tumbo. Bi Ngoja akasimama karibu na kichwa cha mgonjwa, nyuma ya kinga yake ya kioo.

"Mzee wangu. Vuta pumzi. Shika."

Dawa ikapulizwa, picha zikaanza.

"Mteja ameshakaa," akasema kwa sauti ya chini. "Shuka umefunga, wembe mpya. Unaanza kisogoni, polepole. Hana haraka huyu, amekuja mapema. Haya, unapanda nyuma ya sikio la kulia."

Muuguzi, ambaye hakuwa amehadithiwa kitu, anasema alidhani mama wa watu ameanza kuchanganyikiwa.

Sekunde kumi na nane, skrini safi. "Hapo pana kijikunjo, unakijua, kilaze na kidole." Ishirini na nne, safi. "Sasa unavuka utosi, unakwenda upande wa pili." Ishirini na nane, safi bado. Dawa yote ilikuwa imeshapita, mishipa mikubwa imeshafifia kwenye skrini. Mlingoti akaanza kunyanyua mguu kwenye pedali ya picha.

"Ngoja," akasema Bi Ngoja.

Mguu ukarudi. "Sikio la kushoto, mzee. Mteja ametikisika, mshike kichwa. Wembe uko sikioni, wembe uko sikioni." Na kwenye sekunde ya thelathini na moja, upande wa kushoto wa uti wa mgongo, kikajitokeza kinyuzi cha kijivu, kikajipinda, kikaingia ndani ya ganda. Mvujo ulikuwa umekuja wenyewe, na safari hii wenyeji walikuwepo.

"Nimekiona," akasema Mlingoti. "Nimekiona mlango wake."

"Mfute povu, mzee. Mkung'ute shuka. Pumua."

Sekunde thelathini na saba. Kinyozi alikohoa, akavuta hewa, akauliza kama mteja ametoka salama. Kuifikia njia ile na kuiziba kulichukua saa moja na nusu, visokota saba na matone machache ya gundi. Mlingoti aliridhika, lakini hakushangilia. Alisema kishipa kimoja kikizibwa, kingine huweza kujitia ujasiri. Ukweli watauona baada ya miezi sita.

Miezi sita ndiyo leo. Nyanya inalia, na mwenye nyanya anaruka kitini kana kwamba hakuitegemea.

"Mzee, muda umefika. Vuta pumzi. Shika." Meza inateleza, mashine inavuma sekunde chache. "Pumua."

Picha zinaingia kwenye skrini moja baada ya nyingine. Mlingoti ameshaingia, amesimama nyuma ya kiti akiwa na kikombe cha chai ambacho hakinywi. Bi Ngoja anapitisha picha kutoka juu hadi chini. Anarudi juu. Anasimama nyuma ya ganda, pale lilipokuwa doa. Pamekuwa peusi, bila alama ya dawa. Anavuta mstari wa kupimia kutoka ukingo hadi ukingo. Anaufuta, anauvuta upya. Anaufuta tena.

Sitini na moja. Lilikuwa sitini na saba.

Kipaza sauti kimeachwa wazi, na kutoka upande wa pili wa kioo inasikika sauti ya mzee iliyoanza kuingiwa na hofu.

"Dada, mbona kimya? Umeona nini?"

Macho ya Bi Ngoja yako kwenye namba, midomo imebanwa, mabega yamepanda. Mlingoti anamwekea mkono begani.

"Bi Ngoja," anamwambia. "Pumua."

Ndipo anaposhusha pumzi, ndefu, yenye sauti, na machozi yanakuja nayo. Hayafichi. Anayafuta kwa kiganja na kuinama kwenye kipaza sauti.

"Sijaona kitu, mzee wangu. Hakuna kitu kabisa."

"Ni vizuri au vibaya?"

"Ni vizuri. Limenywea, na ndani pakavu. Usiinuke bado, nakuja kukushika mkono."

Anakwenda, anamshika mkono, anamvalisha viatu juu ya ile soksi yenye kiraka ingawa mzee anapinga. Kisha anamwacha na Mlingoti, anafungua mlango wa korido.

Mke wa kinyozi anasimama kabla mlango haujafunguka wote. Haulizi. Anausoma uso wa mwenzake, kisha anafunga mkoba, anaufungua, anaufunga tena, na hatimaye anakaa tena kwenye benchi.

"Limepungua milimita sita," anasema Bi Ngoja. "Mvujo haupo. Anarudi tena baada ya mwaka."

"Baada ya mwaka wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Nitakuwa nimebakiza miezi miwili."

"Na ukishaondoka, nani atamngojesha?"

Hilo amelifikiria. Yeye na Mlingoti wameandika karatasi mpya ya wagonjwa wa mrija wa kitambaa, yenye kisanduku kimoja kinachouliza: mgonjwa amengoja dakika ngapi? Kisipojazwa, picha hazisomwi. Mkuu wa idara ameshatia sahihi, na karatasi inaanza kutumika mwezi ujao. Nyanya itabaki kwenye droo. Mumewe ameshanunua nyingine. Akistaafu, anasema, kitu cha kwanza ni kwenda kukaa kwenye kile kiti cha kuzunguka apunguzwe nywele, aone kama aliyoyasema kwenye simu yalikuwa kweli.

"Haya mama, mimi nirudi ndani," anasema. Koridoni wamebaki kumi na mmoja, na ndani msaidizi anabadilisha shuka la meza.

Mke wa kinyozi anaushusha mkoba sakafuni na kupapasa nafasi iliyobaki kwenye benchi.

"Kaa kwanza," anamwambia. "Unawahi wapi?"

Bi Ngoja anaangalia mlango, anamwangalia mama wa watu. Halafu anakaa.